Nusu ya Salamu Maria

Mavyaa alifika kwetu Dagoretti Corner mwanzoni mwa Oktoba akiwa na mfuko wa pojo, kuku aliyefungwa miguu, na Biblia yenye koti la zipu. Nilimfungulia mlango nikiwa na mtoto bega moja na matapishi ya mtoto bega la pili. Hakusema hodi. Hakusema hujambo. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mtoto tena.

"Huyu mnamlisha nini?" akauliza. "Hewa?"

Mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari alitufundisha kwamba mama mzaa mume huitwa mavyaa, akatuonya tusilisahau neno hilo kwa sababu litakuja kwenye mtihani. Halikuja kwenye mtihani. Lilikuja na kuku.

Sasa, lazima mjue kwamba yule mtoto hakuwa mjukuu tu. Kwa Wakamba, watu wa mume wangu, na kwa Wakikuyu, watu wangu, hapo mambo ni mamoja: msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Hakuna mjadala wala kura. Kwa hivyo mavyaa akimtazama mtoto anajitazama mwenyewe. Mume wangu humwita binti yake "mwaitu", yaani mama yetu, na humwomba msamaha kabla ya kumbadilisha nepi. Mtoto akikonda, si mtoto aliyekonda. Ni mavyaa ambaye mimi, mtoto wa watu, nimemnyima chakula.

Na ubatizo wa huyo mtoto ulikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Mume wangu ni Mkatoliki wa kuoa. Mavyaa ameokoka, na kwao mtu hubatizwa akiwa mkubwa, mtoni, mzima mzima. Yeye alizamishwa na viatu. Nilipomwambia kwamba padri atammwagia mtoto maji kichwani kidogo tu, alicheka kwa pua.

"Jina langu mtalinyunyizia kama miche ya sukuma?"

Nikanyamaza. Kunyamaza ni kipaji changu kidogo sana, na siku hiyo nilikitumia chote. Lakini jioni, nikimbembeleza mtoto, nilijikuta nasali Salamu Maria kwa sauti ya chini, kama nilivyozoea, kwa sababu ina mdundo mzuri wa kulaza mtu. Mavyaa alikuwa akichambua pojo.

"Hiyo iko wapi kwa Biblia?"

"Iko."

"Wapi?"

"Mle ndani."

"Ndani wapi? Biblia ni kubwa, mwiitu." Mwiitu ni msichana. Nilikuwa na mshono wa kujifungua na bado niliitwa msichana. "Nipe kitabu, sura na mstari. Ukinionyesha, nitakuja kwa huo ubatizo wenu na mtoto nitambeba mwenyewe. Usiponionyesha, siku hiyo nitakuwa kwa basi nikirudi Machakos na kuku wangu."

"Kuku tulimla jana, Mama."

"Basi nitarudi bila yeye."

Mume wangu alikuwa ameketi hapo hapo. Hufanya kazi katika hospitali moja Parklands, upande wa kufua mashuka, na nimewahi kumwona akiinua furushi la mashuka ya wodi nzima. Lakini kwa mama yake huwa hainui hata macho. Alisema ghafla amekumbuka kwamba wiki hizo kuna zamu za ziada.

Mnaweza kusema, si umwache huyo mama apande basi lake? Hamwelewi. Kwetu mtoto hapelekwi mbele ya watu bila mwenye jina. Mama yangu mzazi alinipigia simu akalia: "Mwenye jina asipokuja, watu watasema amemkataa." Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Tangu nijifungue hakuna aliyeniambia nimefanya vizuri. Nesi aliniambia nipunguze kelele. Daktari aliniambia nisogee juu kidogo. Mume wangu aliniambia mtoto anafanana na mama yake. Nilitaka mwenye jina, yule yule wa "hewa", aseme neno moja zuri juu ya kazi niliyofanya. Moja tu. Nililitaka sana mpaka nikawa nakata vitunguu kwa hasira, na vitunguu havikuwa vimenikosea.

Basi nikapeleka swali kwenye jumuiya. Jumuiya ni sisi Wakatoliki wa ploti za pale karibu, tunakutana nyumba kwa nyumba kusali, kunywa chai na kujua ni nani amehama. Mwenyekiti wetu ni mama anayepika katika nyumba moja ya kitajiri kule Lavington, na huendesha mkutano kama anayepakua supu: kila mtu atapata, msisukumane.

"Salamu Maria iko wapi kwa Biblia?" nikauliza.

Mtu mmoja alikohoa.

"Iko Zaburi," akasema mwenyekiti.

"Zaburi ya ngapi?"

"Zile za katikati."

Mzee wa mitungi, anayeuza gesi pale karibu na steji ya matatu, akainua mkono. "Mimi najua iko wapi. Iko nyuma ya kitabu cha nyimbo." Akakitoa mfukoni, akafungua karatasi ya mwisho, na kweli ilikuwa pale. Watu wakapiga makofi.

"Mzee, hicho si Biblia."

"Lakini kimechapishwa," akasema, akakirudisha mfukoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwishowe ikaamuliwa kwamba niliombee jambo hilo. Nilipewa rozari nzima. Yaani nisali Salamu Maria hamsini na zaidi ili nijue Salamu Maria imetoka wapi. Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu barabarani, na watu wakanipisha.

"Na usisahau," mwenyekiti alikuwa amenipigia kelele nikitoka, "Jumatatu Mama analala kwako!"

Mama huyo si mavyaa. Ni sanamu ya Bikira Maria. Oktoba ni mwezi wa rozari, na mwezi mzima sanamu ya jumuiya huhama: leo analala kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye nyumba hukaribisha sala jioni. Ya wenzetu kanisani ni ya plasta nyepesi kutoka dukani. Yetu ilitengenezwa na fundi wa ujenzi aliyekuwa mwanajumuiya, kwa saruji iliyobaki. Ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na pua iliwahi kukatika ikarudishwa kwa gundi na rangi ya kucha. Huwezi kumkataa Mama. Inasemekana kuna waliomkataa, na stima yao ikakatwa. Labda hawakuwa wamelipa, lakini nani anataka kujaribu?

Jumatatu mchana mwenyekiti akamleta akiwa amefungwa kwa taulo ya jikoni. Mavyaa alikuwa amelala usingizi wa mchana kwenye kochi, miwani iko juu ya televisheni. Nyumba yetu ni sebule na chumba cha kulala. Nimweke wapi? Juu ya meza, mavyaa akiamka amwone kwanza kabla ya chai? Nikamviringisha Maria ndani ya blanketi la mtoto, lile la waridi, nikamfunika hadi kichwa, nikamlaza katikati ya kitanda na mto kila upande. Kisha nikambeba mtoto wangu mgongoni, nikapanda ngazi hadi juu ya paa la ghorofa, wapangaji wanapoanika nguo, kuanua nepi, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Ngong.

Niliposhuka, nilisikia pambio.

Mavyaa alikuwa anatembea sebuleni, huku na huku, kwa hatua zile za kubembeleza, amejifunga leso kifuani kwa mafundo mawili. Mgongoni, blanketi la waridi. Mkono mmoja uko nyuma, unapigapiga makalio ya Mama wa Mungu.

"Shh," akaniambia bila kugeuka. "Ndiyo amelala tu."

Nilisimama mlangoni na nepi zangu.

"Na leo, asante Yesu, mtoto ana uzito! Umemlisha nini?"

"Uji," nikasema. Sijui ni nani aliyeongea. Si mimi.

"Uji wa nini?"

"Wa wimbi."

"Umeona sasa? Mtu akisikia wakubwa! Hebu ona vile amekaza shingo. Halii, hatapiki, hajapigapiga miguu. Mwili umeshikana. Sasa huyu ndiye mimi." Akanigeukia, uso umelainika, nami sikuwahi kuuona umelainika. "Umejaribu, mwiitu. Leo umejaribu."

Ndilo hilo neno nililokuwa nalitafuta, na lilikuwa limeangukia saruji. Naapa, niliwaza kuliacha hapo hapo. Niliwaza kumlea yule wa saruji mbele ya mavyaa hadi mwisho wa mwezi, huyu wa nyama nimfiche kwa jirani. Lakini mtoto wangu, aliye mgongoni mwangu, akapiga chafya.

Mavyaa akasimama. Akatazama juu ya bega langu, akaona kichwa kidogo chenye kofia. Mkono wake ukarudi nyuma taratibu, ukapapasa. Ukapata kidole cha saruji. Ukapata kingine.

Mwanamke mwingine angepiga nduru akatupa. Lakini mtu aliyelea watoto saba hawezi kutupa kilicho mgongoni, hata kiwe nini. Aliinama, akafungua mafundo, akamshusha mbele kwa kumzungusha kiunoni, akamlaza kwenye kochi. Akaenda akavaa miwani. Akafunua blanketi. Wakatazamana.

"Huyu ni nani?"

"Ni Maria."

"Maria wa nani?"

"Wa jumuiya."

Akakaa chini. "Nimemwimbia mapambio matatu," akasema polepole.

"Nimesikia la mwisho, Mama."

"Nimemwombea apate hamu ya kula."

Niliweka nepi mdomoni nikauma.

"Sikiza, mwiitu. Na usicheke. Sikumwabudu. Nimembeba tu."

"Hata sisi, Mama, hatumwabudu. Tunambeba tu. Leo kwangu, kesho kwa mzee wa mitungi."

Alinitolea jicho. Akaingia chumbani, akarudisha mlango. Lakini nilimwona: kabla ya kuondoka aliinama akamfunika miguu.

Jioni jumuiya ikaja, ikajaa sebuleni, wengine wakakaa juu ya debe la unga. Mzee wa mitungi ndiye aliyeongoza. Jumatatu ni siku ya matendo ya furaha. Tendo la kwanza, malaika anampasha Maria habari. Tukasali kumi letu, yaani Salamu Maria kumi. Tendo la pili, Maria anamtembelea Elizabeti. Na hapo, katikati ya "umebarikiwa kuliko wanawake wote", kitu kikanipiga kichwani kama mlango wa kabati.

Kidato cha pili, somo la dini, tulisoma Injili ya Luka mpaka tukaota nayo. Taja mambo ambayo malaika alimwambia Maria. Eleza ziara ya Maria kwa Elizabeti. Ningeweza kuyataja yote nikiwa nimelala, moja baada ya jingine, kwa Kiingereza, kwa sababu somo lilikuwa kwa Kiingereza na alama zilikuwa kwa Kiingereza. Salamu Maria nayo niliijua tangu sijaota meno, kwa Kiswahili. Hayo mawili yaliishi kichwani mwangu miaka yote kama wapangaji wa ploti moja wasiosalimiana. Nilipata alama nzuri, nikasali rozari, na sikuwahi kugundua kwamba ni maneno yale yale.

"Luka!" nikapiga kelele.

Mzee wa mitungi alidhani nimemsahihisha. Akaomba radhi, akaanza kumi upya. Watu walinitazama vibaya sana, maana tayari tulikuwa kwenye ya saba.

Kutoka nyuma ya mlango wa chumba, sauti: "Luka ngapi?"

"Sura ya kwanza!"

"Mstari?"

"Si ungoje tumalize, Mama!"

Watu walipokunywa chai na kwenda, mavyaa alitoka na Biblia, akafungua zipu yake kama mtu anayefungua begi la silaha. Tukakaa, mtoto mapajani mwangu, Maria mezani kati yetu, bado na blanketi mabegani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulitoa. Au hakuna aliyetaka.

Tukasoma. Malaika anaingia, anamsalimu msichana, anamwambia amepewa neema na Bwana yuko pamoja naye.

"Simama hapo," akasema mavyaa. "Malaika hajasema 'Maria'."

Nikaangalia. Ni kweli. Anasalimu tu, bila jina.

"Jina tumeliweka sisi."

"Mmeongeza."

"Tumeelekeza, Mama. Kwani wewe ukituma pojo kwa basi, huandiki ni za nani?"

Akasonya, lakini kidogo. Tukashuka chini hadi pale Elizabeti anaposikia salamu ya Maria, mtoto anaruka tumboni, na yule mama mzee anapaza sauti: umebarikiwa wewe, na mzao wa tumbo lako amebarikiwa.

"Na 'Yesu'? Hilo nalo hakusema."

"Hilo pia tumeliweka. Kwani huyo mzao wa tumbo ni nani mwingine?"

"Hapo siwezi kukataa," akasema. "Nikimkataa Yesu ili nikushinde wewe, nitakuwa nimeshinda nini?"

Sasa shida ya mavyaa ni moja: Biblia anaijua, na mtu anayejua kitu hawezi kukaa nacho. Akalamba kidole, akaanza kurudi nyuma. Ati hata "Bwana yu nawe" si neno jipya. Gideoni aliambiwa hivyo na malaika akiwa amejificha akipura ngano kwa uoga. Boazi aliwasalimu wavunaji wake karibu vivyo hivyo asubuhi shambani. "Ni salamu ya kazi," akasema. "Mtu akiambiwa hivyo ajue ametumwa." Alikuwa ananisaidia kumshinda na hakujali.

"Na hii ya kubarikiwa kuliko wanawake... ngoja... iko Waamuzi." Akaweka kidole. "Yaeli."

Yaeli sikumjua. Hakuwa kwenye mtihani. Mavyaa akanisimulia kama habari za jirani. Jemadari wa maadui amekimbia vita, amechoka, anaingia hema la Yaeli. Anaomba maji. Yaeli anampa maziwa.

"Maziwa?"

"Maziwa. Akamfunika blanketi."

"Blanketi?"

Sote wawili tukamtazama Maria mezani.

"Alipolala, akachukua kigingi cha hema na nyundo," mavyaa akaendelea, "akakipigilia hapa." Akagusa kando ya paji lake. "Kikatokea chini. Ndipo wakamwimbia kwamba amebarikiwa kuliko wanawake."

Nilihisi raha ambayo sikuwa nimeihisi tangu wodini. "Kwa hivyo aliyeimbiwa hivyo kwanza alikuwa mwanamke mwenye hasira."

"Alikuwa na nyundo," akasema mavyaa. "Tofauti ni kubwa. Usichanganye."

Lakini mimi nilikuwa nimeshachanganya. Miaka yote nimeyasali maneno yale kwa sauti ya usingizi, kumbe yalikuwa wimbo wa vita. Na Elizabeti aliyachukua akampa msichana asiye na nyundo wala kigingi, aliyepanda vilima na kichefuchefu chake. Akamwimbia sifa za Yaeli kwa sababu ya tumbo tu. Kana kwamba kubeba mtoto nako ni vita. Kwani si vita? Mimi nilikuwepo. Nesi ni shahidi, yule aliyeniambia nipunguze kelele.

Na hapo hasira zangu zote zikapanda kwa pamoja.

"Mama, hebu ona. Huyu Elizabeti ni mzee. Huyu mwingine ni msichana mdogo wa familia yao. Wanakutana mlangoni. Na neno la kwanza la mzee ni baraka. Wewe siku ile mlangoni neno lako la kwanza lilikuwa nini?"

Mume wangu alikuwa anaingia kutoka kazini wakati huo huo. Alirudi nje.

Mavyaa alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa. "Elizabeti alikuwa amejazwa Roho Mtakatifu," akasema. "Mimi nilikuwa nimejazwa vumbi la njiani."

"Na leo ulipombeba huyu wa saruji uliniambia nimejaribu."

Akapindua karatasi ambayo haikuhitaji kupinduliwa.

"Endelea," akasema. "Nusu ya pili. 'Maria Mtakatifu, mama wa Mungu.' Nionyeshe."

Nikamwonyesha Elizabeti anapouliza amepataje bahati ya kutembelewa na mama wa Bwana wake. Mavyaa akapima kwa midomo. "Hiyo ni robo. Na 'utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu'?"

Haiko. Nilitafuta na haiko, na sikutaka kumdanganya mtu mwenye zipu. Katekista alikuja kuniambia baadaye kwamba zamani watu waliishia pale kwenye tumbo lililobarikiwa, na lile ombi likaja kuongezwa na Kanisa baada ya miaka mingi sana. Sikushangaa. Jioni ile nilikuwa nimeshalieleza kwa njia yangu.

"Mama, watu wenu wakikupigia simu husema nini?"

"Husalimu."

"Halafu?"

"Huuliza mvua. Huuliza ng'ombe."

"Halafu?"

Akaona nilikokuwa naenda, na mdomo ukaanza kumcheza. "Halafu huomba nauli."

"Basi ndiyo hiyo! Nusu ya kwanza ni salamu, iko kwa Biblia. Nusu ya pili ni nauli. Nani hupiga salamu ndefu hivyo halafu akate simu bila kuomba kitu?"

Alicheka. Mara ya kwanza nyumbani kwangu, alicheka mpaka akashika meza, na Maria akatikisika.

"Na wewe kila Jumatano unamwambia pasta wako akuombee," nikaongeza, maana sijui kuacha. "Pasta wako amemzaa nani?"

Kicheko kikakatika. "Pasta wangu yuko hai."

"Na walio kwa Mungu nani amekufa?"

Zipu ikafungwa, polepole, kona hadi kona.

"Nusu," akasema. "Umenionyesha nusu. Nitakuja nusu."

Mume wangu alipothubutu kuingia, nikamwambia mama yake atakuja kwa ubatizo nusu. Akauliza nusu ipi. Akaambiwa ale.

Kwanza sikujua maana yake. Nilianza kuielewa siku chache baadaye tulipoenda mjini kununua gauni na mshumaa katika duka la masista. Mavyaa alikataa kuingia kwa sababu ya rozari zilizoning'inia mlangoni. Akasimama nje kwenye njia ya miguu, pua kwenye kioo, akinielekeza kwa kidole. Hilo. La, hilo lingine. Lile lenye mikono, kwani mtoto anaenda ufukweni? Mimi ndani nainua gauni, yeye nje anatikisa kichwa, watu wa ofisi wanampita pembeni. Gauni la ubatizo alilichagua yeye, lote, bila kukanyaga dukani.

Jumapili ikafika. Jumuiya ilikaa mstari mmoja, mzee wa mitungi na tai, mwenyekiti na kofia aliyopewa na madamu wake wa Lavington. Mama yangu alikuwa mbele, tayari analia. Mavyaa alisimama kwenye mlango wa kando. Na nasema kwenye mlango: mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, Biblia kwapani. Mhudumu wa kanisa alimwambia, "Mama, karibu ndani kuna nafasi." Akamjibu, "Hapa ndipo tulipokubaliana."

Padri akachukua maji. Nadhani yalikuwa ya baridi. Yalipomgusa mtoto kichwani mara ya kwanza alishtuka, mara ya pili akavuta pumzi, na mara ya tatu akaachilia kilio ambacho nina hakika kilifika stejini. Alilia kwa mapafu ambayo hakuna mtu anayelishwa hewa angekuwa nayo. Nikajaribu kumtuliza. Msimamizi wake wa ubatizo akajaribu. Akazidi.

Nikasikia viatu. Mguu wa nje ulikuwa umeingia, na ule wa ndani ulikuwa umeshafika mbele.

"Lete," akasema mavyaa. Hakumwuliza padri. Akampokea mtoto, akampindua mgongoni kwa mtupo mmoja, leso, fundo, fundo la pili, akaanza zile hatua zake, huku na huku, mbele ya altare. Padri alingoja na mtungi mkononi. Nani angemwambia nini? Mtoto akanyamaza.

Ndipo padri akasema tumkabidhi mtoto kwa Mama Maria, tusali sote pamoja. Salamu Maria, umejaa neema. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya mavyaa, kubwa, ya mtu aliyezoea kuhubiri sokoni, inasali nasi. Bwana yu nawe. Umebarikiwa kuliko wanawake wote, hapo akanigonga bega kwa kiwiko, sijui kama ni kwa bahati mbaya. Na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa. Halafu, pap, akafunga mdomo kama mfereji wa maji. Sisi tukaendelea na nauli yetu, yeye akisimama ameangalia dari, anabembea tu, hadi Amina.

Nje tulipiga picha. Mvua ilikuwa inanukia. Mavyaa hakutaka kumshusha mtoto hata kwa picha, kwa hivyo katika picha zote za ubatizo mtoto ni kofia nyeupe nyuma ya bega la nyanya yake. Watu walipotawanyika kutafuta pilau, tukabaki wawili.

"Wewe msichana," akasema.

"Naam, Mama."

"Huyu mtoto ni mzito." Akamrusha kidogo mgongoni, kumweka sawa. "Nimebeba wote wawili, najua. Umezaa."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, mwezi mzima, ya kumjibu siku kama hiyo. Mengine yalikuwa makali. Badala yake nikajishughulisha na kufunga mwavuli ambao haukuwa umefunguliwa.

Yeye alikuwa ameshaanza kutembea. Hatua chache mbele akasimama.

"Na yule mwenzangu wa blanketi. Leo analala kwa nani?"

"Kwa mwenyekiti, Mama."

"Mwambie amfunike," akasema mavyaa, akitazama mawingu. "Oktoba hii ina baridi."